Shifti ikibadilika, kila kitu kinanivunjikia

Assalaam alaykum Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni huku Kaskazini Unguja. Mwaka jana kichwa kilikuwa kinanigonga mara kwa mara nikaenda kupima, nikakutwa na presha 164 kwa 100. Daktari akanianzishia vidonge vya amlodipini, kimoja kila siku, akaniambia nipunguze chumvi na nitembee nusu saa kwa siku. Nilitoka pale nimeazimia kweli. Marehemu baba yangu alipooza upande mmoja kwa presha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha kwa kijiko, kwa hiyo hahitajiki mtu wa kunitisha.

Shangazi, kujua najua. Kinachonishinda ni kuendelea. Kuna ratiba niliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp: kuamka saa 10 usiku, kunywa lita moja ya maji, mazoezi, kusoma, kuandika malengo ya siku. Wanasema ukivumilia siku 21 mwili unazoea wenyewe. Nikaiongezea na mambo yangu: dawa saa 12 asubuhi, kutembea saa 10 jioni, Kiitaliano saa 2 usiku (wageni wetu wengi ni Waitaliano, na anayekijua hupandishwa cheo haraka), kumsomesha mwanangu wa darasa la pili saa 3, simu kuzimwa saa 4. Nimeiandika kwa kalamu za rangi nikaibandika ukutani.

Nimeianza mara nyingi mno. Wiki ya kwanza nafanya yote hadi mume wangu anashangaa. Ya pili bado naenda. Ikiingia ya tatu, siku inakatika sijameza dawa, kutembea ndiyo kabisa, na nikishakosa mara moja naona nimeshaharibu. Naacha vyote, nasubiri mwezi uandame nianze upya.

Kazini tuna shifti tatu: saa 1 asubuhi hadi saa 9, saa 9 hadi saa 5 usiku, na saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Tunabadilishana kila baada ya wiki mbili. Gari la hoteli hunichukua na kunishusha barabara kuu, na kutoka hapo hadi nyumbani ni dakika kumi kwa miguu. Ramadhani mambo huwa mepesi ajabu, dawa sikosi hata siku moja. Idi ikipita, basi tena. Sala namshukuru Mungu siachi, wala kazini sijawahi kuandikiwa barua ya kuchelewa.

Juzi mume wangu alisema mbele ya mama yake kwamba mimi sina msimamo, kila jambo naanza na kuacha. Iliniuma kwa sababu niliona kama ni kweli. Na mwezi uliopita kliniki walinipima wakanikuta na 158 kwa 98. Nesi akaniuliza kama nameza dawa kila siku. Nikasema nameza.

Nifanyeje, Shangazi, na mimi niwe mtu wa kudumu na jambo?

Mama wa Shifti, Kaskazini Unguja

*

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Mungu amrehemu baba yako.

Nianzie mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Umemwambia nesi kuwa dawa unameza kila siku. Sasa jiweke kwenye kiti cha daktari: ana mgonjwa mbele yake, kidonge anakimeza kama alivyoagizwa, na presha bado ni 158. Atafanya nini? Atasema dawa haitoshi. Atakiongeza kipimo au ataweka dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Halafu wewe utapata wiki mbili zako nzuri, utameza vyote kwa utiifu, na presha itashuka kuliko ilivyokusudiwa. Utasimama mapokezi ukione kizunguzungu. Kwa hiyo siku ya kliniki ijayo, sema: "Kwa mwezi huwa nakosa siku kadhaa, hasa shifti ikibadilika." Maneno hayo tu. Manesi wa kliniki za presha husikia hayo kila siku, na yatawasaidia kukutibu wewe uliyepo, badala ya yule aliyeandikwa kwenye kadi.

Sasa turudi kwenye hilo la msimamo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna mambo mawili umeyaandika katika aya tofauti bila kuyaweka pamoja. Umesema unavunjikiwa ikiingia wiki ya tatu. Kisha, chini kidogo, umesema shifti zinabadilika kila baada ya wiki mbili. Mwanangu, hayo ni jambo moja! Unajenga ratiba ndani ya shifti ya asubuhi, inakaa vizuri, unaanza kuizoea, halafu hoteli inakuhamishia shifti ya mchana na ratiba yote inakosa pa kusimama. Saa 10 jioni uliyopanga kutembea uko kazini unapokea wageni. Saa 2 usiku ya Kiitaliano uko kazini. Ukiingia shifti ya usiku, ile saa 10 ya kuamka inakukuta uko macho tangu jana. Ratiba ile iliandikwa na mtu anayelala kwake kila usiku. Ndani ya wiki sita, wewe unaweza kuifuata wiki mbili tu. Mtu yeyote angeshindwa, mumeo naye akiwemo.

Na mwanamke asiye na msimamo haagi wanawe saa 4 usiku kwenda kusimama barabarani kungoja gari la kazi, mwaka baada ya mwaka, bila barua hata moja ya kuchelewa. Hilo mwambie mumeo kwa upole, mkiwa wawili. Mwambie pia kwamba maneno yale mbele ya mama yake hayakuwa mahali pake. Nitamrudia baadaye, maana nina kazi ya kumpa.

Angalia yale usiyoacha. Sala huachi. Kazi huachi. Dawa ya Ramadhani huachi. Yote matatu yana kitu kinachokuja chenyewe kukuamsha: adhana, gari la hoteli, nyumba nzima inayokaa futari na daku kwa pamoja. Hungoji kujisikia kutaka. Adhana inaingia nawe unainuka, iwe umechoka au hukuchoka. Lakini kidonge chako umekipa saa 12 asubuhi, na saa 12 asubuhi haina mlio wala sura. Wiki hizi unakuta unavaa, wiki zile umelala, wiki nyingine unakabidhi funguo kwa mwenzako.

Basi acha kuyapanga mambo yako kwa saa. Yafunge kwenye tukio, tena tukio ambalo lipo katika shifti zote tatu. Chukua karatasi uandike siku yako ya shifti ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, kisha tafuta kisichobadilika. Mimi nimekufanyia kwa yale uliyonieleza, nikapata vichache mno. Chai ya asubuhi inahama. Kulala kunahama. Chakula cha usiku mara unakila nyumbani, mara kantini. Kilichobaki imara ni adhana, na nzuri kuliko zote kwako ni ya alfajiri. Ukiwa na shifti ya asubuhi, alfajiri umeamka. Ukiwa na ya mchana, unaamka kusali kisha unarudi kulala. Ukiwa na ya usiku, uko hotelini, na saa hiyo mapokezi huwa pametulia kuliko wakati wowote mwingine. Magharibi nilishaifikiria nikaiacha, kwa sababu kwenye shifti ya mchana itakukuta katikati ya wageni. Tena sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo alfajiri ya Unguja mwaka mzima haisogei hata kwa saa nzima. Dawa yako itakuwa inapishana kwa karibu saa 24 zilezile bila wewe kuhesabu chochote.

Utajiuliza kama alfajiri inafaa kwa dawa ya presha, maana kuna wanaosema lazima imezwe usiku. Uingereza walilipima jambo hilo kwa watu zaidi ya 21,000, wengine wakimeza asubuhi na wengine jioni, wakawafuatilia kwa miaka mitano na zaidi. Matokeo yalitoka 2022: kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo, hapakuwa na tofauti. Wakati bora ni ule ambao hutausahau. Amlodipini inamezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo tumbo tupu la alfajiri halina neno. Lakini ikiwa siku moja utaongezewa ile dawa inayokojoza, uliza kwanza imezwe saa ngapi, hiyo ina mambo yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana wengi wakishauriwa kufunga jambo na sala hili husahauliwa. Wewe ni mwanamke, na kila mwezi una siku zako ambazo husali. Ukifunga kidonge na sala yenyewe, siku hizo utalala moja kwa moja na kidonge kitalala nawe. Kwa hiyo usikifunge na msala wala udhu. Kifunge na adhana, ile sauti unayoisikia usali au usisali. Na hapa ndipo kazi ya mumeo ilipo. Yeye anaamka kwenda msikitini? Basi jukumu lake ni moja: akiinuka, akupe bilauri ya maji mkononi. Asihubiri, asiulize kama umemeza jana. Maji tu. Mwanamume anayelalamika kwamba mkewe hana msimamo apewe nafasi ya kusaidia msimamo huo usimame.

Kwenye shifti ya usiku hayupo wa kukupa maji, kwa hiyo vidonge viwe sehemu mbili: pakiti moja kando ya kitanda, nyingine ndani ya mkoba wa kazini, na chupa ndogo ya maji chini ya kaunta. Usikae na pakiti moja unayoihamisha huku na huku, maana siku unayoihitaji utakuta iko kule. Usiiache kwenye gari pia, joto letu linaharibu dawa. Kwa kalamu, andika jina la siku nyuma ya kila kidonge, J'mosi, J'pili, hadi mwisho. Mtu wa shifti hupoteza hesabu ya siku, na hapo huja lile swali baya: nimemeza au sijameza? Ukiangalia pakiti unapata jibu.

Kuhusu hizo siku 21. Zina asili yake. Miaka ya hamsini kulikuwa na daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, akaona kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 angalau kuzoea uso wao mpya kwenye kioo. Aliandika hivyo mwaka 1960. Watu wakalichukua, wakalikata lile "angalau", wakaligeuza kuwa sheria ya kila tabia duniani. Kuzoea pua mpya na kuzoea kutembea nusu saa kila siku ni mambo tofauti kabisa. Chuo Kikuu cha London, kile kiitwacho University College, mtafiti Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kula, la kunywa au la mazoezi, akalifunga na tukio la kila siku, mathalani baada ya kifungua kinywa. Kati ya wale ambao kuzoea kwao kuliweza kupimwa vizuri, nusu walihitaji siku 66 au zaidi hadi jambo lile lije lenyewe bila kusukumwa. Aliyewahi alitumia siku 18. Aliyechelewa alikadiriwa kufika siku 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema, mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi.

Ona basi ulivyojidhulumu. Ulijipa siku 21 kwa mambo kumi, katika shifti inayodumu siku 14.

Kuna jingine walilolikuta kwenye utafiti huohuo, nalo ndilo ninalokutakia ulishike kuliko mengine yote: kukosa siku moja hakukuharibu chochote. Mtu aliyekosa leo akarejea kesho aliendelea pale alipokuwa. Kinachokuumiza wewe si ile siku unayokosa. Ni zile wiki mbili au tatu unazoziacha zipite ukingoja mwezi uandame. Dawa haijui tarehe mosi. Ukikosa alfajiri na ukakumbuka adhuhuri, meza adhuhuri, kisha kesho rudi alfajiri. Ukikumbuka wakati siku nzima imeshapita, iache hiyo, meza ya leo kwa wakati wake, wala usimeze viwili kufidia.

Nataka pia uelewe kwa nini kukosa dawa hii ni rahisi, ili usijilaumu bure na pia usidanganyike. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, baada ya saa 30 nusu yake bado imo kwenye damu. Ukiruka siku moja hutasikia tofauti. Ukiruka mbili, huenda pia usisikie. Na presha yenyewe kwa kawaida haiumi, hata hicho kichwa chako huenda kilikuwa na sababu yake nyingine. Mwenye jino bovu haambiwi na mtu ameze dawa. Wewe hakuna kinachokukumbusha kutoka ndani, ndiyo maana lazima kikumbushacho kitoke nje, na kisitegemee ulivyoamka siku hiyo.

Mwanasaikolojia mmoja wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameshughulika na mambo haya kwa miaka mingi. Mwaka 1997 yeye na mwenzake waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti katika siku za Krismasi, wakati ambapo kila mtu ana shughuli zake. Wote walikubali kuifanya. Lakini nusu yao waliombwa waseme kabisa wataifanya wakati gani na wakiwa wapi. Waliosema hivyo, karibu robo tatu walileta ripoti. Wasiosema, theluthi moja tu. Nia ilikuwa ileile. Kwa hiyo sentensi yako iandike hivi, mahali pa ile ratiba ya rangi: "Nikisikia adhana ya alfajiri, nameza kidonge." Ile ya ukutani ibandue leo. Kila ukiipita inakusuta, na kusutwa na ukuta wa chumba chako mwenyewe si maisha.

Wiki nne za mwanzo, shughulika na kidonge peke yake. Najua utaona ni kidogo. Lakini wiki nne zitakuvusha angalau badiliko moja la shifti, na hapo ndipo mtihani wako ulipo. Shifti ikibadilika kidonge kikabaki, umeshinda lile lililokuwa likikushinda. Siku ya kwanza na ya pili ya shifti mpya ziwekee uangalizi wa makusudi: usiku wa kuamkia hapo kagua mkoba, kagua chupa ya maji, mkumbushe mumeo.

Kutembea kufuate baada ya hapo, na kwako kuna ugumu kidogo, maana hakuna tukio moja linalofaa shifti zote. Ukishuka garini saa 9 na nusu alasiri, au saa 1 na nusu asubuhi ukitoka shifti ya usiku, usikate moja kwa moja kwenda nyumbani. Zile dakika kumi za kutoka barabarani zifanye ishirini na tano kwa kupitia njia ya mbali. Usiingie ndani kwanza "nipumzike kidogo nitoke", ukishakaa kitako hutoki. Viatu vya raba viwe kwenye mkoba, uvibadilishie ndani ya gari. Lakini shifti ya mchana unashushwa karibu na saa 6 usiku, na hapo sitaki utembee hata hatua moja ya ziada, mumeo aje akupokee barabarani. Wiki hizo mbili kutembea kwako kuwe asubuhi: mpeleke mwanao skuli kwa miguu, yeye akiingia darasani wewe urudi kwa njia ndefu. Kwa hiyo utakuwa na sentensi mbili, "nikishuka garini mchana" na "nikimwacha mtoto skuli". Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki. Ukizipata kwa siku tano au sita badala ya saba, umefanya vizuri.

Na huyo mtoto hapo njiani, si mnaweza kusoma mabango, kuhesabu minazi, kurudia majedwali ya hesabu? Kumsomesha kwako si lazima kuwe mezani saa 3 usiku wakati wiki za shifti ya mchana haupo.

Kiitaliano kiache kwa sasa. Najua kina pesa ndani yake na sikudharau kabisa kutafuta cheo. Kikifika zamu yake, mahali pake ni kwenye kiti cha gari la hoteli. Gari lipo katika kila shifti, dakika zake ni zako, na mapokezi utakuwa na Waitaliano wa kufanyia mazoezi yale uliyosikiliza njiani. Lita ya maji saa 10 usiku, kuandika malengo, yote hayo yaache moja kwa moja, hukuambiwa na daktari. Simu nayo sina ugomvi nayo sana, isipokuwa unapolala mchana baada ya shifti ya usiku. Hapo iweke chumba kingine, kwa sababu usingizi wa mchana wenyewe ni mwepesi na presha haipendi mtu asiyelala.

Chumvi nitaipitia kwa ufupi, maana sidhani ndiyo inayokutesa. Kiasi cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, achari na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Anayepika kwenu ni nani? Kama ni mama mkwe, usimwambie anatia chumvi nyingi. Mwombe akupakulie wewe mchuzi kabla hajaukoleza, ujikamulie ndimu na pilipili mwenyewe. Kantini ondoa kichupa cha chumvi kwenye meza unayokaa.

Limebaki la Ramadhani. Umeshangaa kwa nini inakuwa mepesi, na sasa unajua: nyumba nzima inahamia ratiba moja na wewe unabebwa nayo. Lakini mpango huu mpya una mtego wake hapo. Adhana ya alfajiri ikiingia umeshafunga, huwezi kumeza tena. Kwa hiyo mwezi ule kidonge kihamie kwenye daku, pamoja na bilauri ya mwisho ya maji, na kwenye shifti ya usiku hivyohivyo huko kazini. Mwulize daktari mapema, Shaaban, kama yupo tayari ufunge kwa presha uliyonayo wakati huo, usingoje mwezi uonekane. Na usiku wa Idi, wakati wengine wanachoma udi na kunyoosha nguo, wewe rudisha pakiti kando ya kitanda, kwa sababu asubuhi yake hakuna daku na hapo ndipo kila mwaka huwa unakatika.

Tarehe ya kliniki usiipeleke mbele hata kama itagongana na shifti. Omba kubadilishana na mwenzako. Kabla hawajakufunga kile kitambaa cha mkononi, kaa dakika tano bila kuongea, miguu chini, usitoke kwenye gari ukakimbilia kiti. Lengo la kwanza ni kushuka chini ya 140 kwa 90. Mpe nesi ile pakiti yenye majina ya siku aione mwenyewe. Kisha niandikie uniambie walichokukuta nacho, na uniambie ulikuwa shifti gani.

Shangazi